Mzazi Asiye na Mtoto

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na wadogo zangu, hamjambo.

Naomba mniitikie tena, taratibu. Na ninyi mlio nyuma, karibu na dirisha. Asanteni. Leo nina sababu ya kuzisikiliza sauti zenu, na nitarudi kwenye sababu hiyo kabla sijakaa.

Nawaona mmebanana kwenye madawati ya watoto wa shule, wauguzi, wakunga na kina mama wa vijiji, wa kanisani na wa msikitini pamoja. Mmeitwa kwa sababu mawingu yameanza kukusanyika upande wa msitu wa Mgori, na kila mmoja humu anakumbuka mvua ya kwanza mwaka ule ilituletea nini. Asubuhi yote tumefundishwa kuchemsha maji, kuchimba vyoo na kumwaga chokaa. Mafundisho mazuri, sina ugomvi nayo. Mimi nimeombwa kusema jambo moja ambalo halikufundishwa asubuhi.

Nimeambiwa nitoe ushuhuda. Neno hilo nililikataa kwanza. Ushuhuda ninaoujua mimi ni wa mtu anayesimama, anasema alikuwa amepotea na sasa amepatikana, watu wanapiga makofi, anakaa. Mimi si mtu wa namna hiyo. Nilipokuwa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam wenzangu walinipachika jina la "Kwa Nini", maana mwalimu hakumaliza sentensi kabla sijanyosha mkono. Mpaka leo niko hivyo. Nauliza kanisani, nauliza kwenye mikutano ya kijiji, nauliza hata vitabu vya udaktari. Kwa hiyo sitawaambia kwamba nimepona. Nawaambia kwamba niko hai na mwenzangu mmoja hayuko, na nimefikiri sana juu ya kilichotutofautisha.

Majina sitataja. Wengine mtajitambua. Kaeni kimya tu.

Nilipomaliza masomo nilipangiwa kituo cha afya katika kijiji kipya ng'ambo ya msitu huo. Mimi ni mtoto wa Iramba, nimezaliwa upande wa Kiomboi, kwa hiyo Kinyaturu chenu nilikisikia nusu, na nusu nyingine nilijazia kwa Kiswahili. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika, wakapangwa kwenye mistari iliyonyooka kama mahindi. Kwenye mkutano wa kunikaribisha tuliambiwa kwamba tukikaa pamoja, shule, dawa na maji vitatufikia kwa urahisi. Nikanyosha mkono. Nikauliza, "Kisima kiko wapi?"

"Daktari, kisima kinakuja," nikajibiwa.

Kilikuja kweli. Lakini kipindupindu kilikuwa na miguu myepesi zaidi.

Wakati ule kijiji kizima kilichota maji kwenye lambo moja, na ng'ombe nao walikunywa humo humo. Mvua ya kwanza ikanyesha ikasomba kila kilichokuwa juu ya ardhi ikakitia mle ndani. Mfugaji mmoja akaletwa kutoka mnadani amelazwa juu ya machela ya miti, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Sijamaliza kumtundikia dripu, mkewe akaanza. Baadaye jirani yake. Kabla mtama haujachipua shule ilikuwa imegeuzwa kambi, vitanda vya kamba vimetobolewa katikati, ndoo chini ya kila kitanda, na mgambo wamefunga barabara. Karantini. Aliyeruhusiwa kupita ni dereva mmoja tu, aliyetuletea dripu na chokaa kwa lori. Tulimsubiri kama watu wanavyosubiri mvua, wakati mvua yenyewe hatuitaki tena.

Kambini tulikuwa mimi, muuguzi mmoja na wahudumu wachache waliofundishwa harakaharaka. Muuguzi huyo yumo humu. Anatazama dirishani ili nisimtazame.

Sasa nisikilizeni hapa, maana jambo hili ni dogo na ndiko nilikoanzia kuanguka. Kabla yangu kituo kile kilikuwa na mganga mwanamume. Kijiji kilimpangia mama mmoja wa kumpikia na kumchotea maji, na kazi hiyo ilihesabiwa kama zamu yake ya shamba la kijiji. Nilipofika mimi, yule mama akarudishwa shambani. Nikauliza kwa nini. Mjumbe mmoja wa kamati akanitazama kwa huruma ya kweli, wala hakuwa na ubaya, akasema, "Lakini daktari, wewe ni mwanamke. Utajipikia."

Kwa hiyo nilikuwa daktari mchana kutwa, na nikitoka kambini nabeba ndoo kichwani kwenda lamboni, nakusanya kuni, nachemsha maji, nasonga ugali wangu. Halafu akina mama wakaja na hodi zao. Kipindupindu hakizuii mimba kufika siku zake, na kwa kuwa daktari ni mwanamke, kila aliyeshikwa na uchungu alitaka niwe karibu. Nilikwenda. Nani angesema hapana? Mganga yule wa kwanza hakuitwa kwenye uchungu hata siku moja. Na hivyo ndivyo alivyokuwa anapata usingizi.

Ndugu zangu, nawaambia, kuchoka hakuji na kelele. Nilidhani nitajua. Nilisoma magonjwa mengi, kila moja na dalili zake, na hili halikuwa na ukurasa.

Dalili ya kwanza kwangu ilikuwa salamu. Mnajua hapa kwetu salamu si mchezo. Mdogo humwanza mkubwa, husimama, hungoja jibu. Mimi nikaanza kupita. Watoto waliponiambia "Shikamoo daktari" niliwaona midomo ikicheza tu. Wazee nikawapita kama miti ya njiani. Kulikuwa na mama mmoja, balozi wa nyumba kumi, mtu mzima, mwenye mdomo ambao mgambo wenyewe waliuogopa. Nilimpita lamboni asubuhi bila kumwamkia. Akawaambia wenzake, "Shule imemnyang'anya adabu."

Siku nyingine akafanya jambo ambalo mtu wa umri wake hafanyi. Akaniwahi yeye. "Daktari, hujambo?" Mkubwa kumwanza mdogo, mbele za watu. Nikapita vilevile, ndoo kichwani.

Hakukasirika mara hiyo. Alimfuata muuguzi wangu akamwambia, "Huyu mtu hayumo ndani yake."

Mimi hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijiona mzima kabisa. Nilijiona hodari. Sikulia tena wagonjwa wanapokufa, nikadhani huo ndio udaktari. Tulikuwa tunazika bila kuosha maiti, bila matanga, watu wenye chokaa wanabeba na ndugu wa marehemu wamesimamishwa mbali kwenye uzio. Mwanzoni vilio vile vilinikata. Baadaye nikavisikia kama upepo unaopiga mabati.

Siku moja saa sita ya mchana, jua kali, vumbi linaingia kwa kila dirisha, nilikuwa nimeinama juu ya mkono wa mama mmoja natafuta mshipa. Mnajua mshipa wa mgonjwa wa kipindupindu unavyojificha. Nikachoma hapa, nikachoma pale, nikahamia kwenye kifundo cha mguu. Nilikuwa na subira ya ajabu. Muuguzi akaja akasimama pembeni.

"Daktari."

"Niletee taa, siuoni mshipa."

"Daktari, ni mchana."

"Basi sogea, unanizibia mwanga."

Hakusogea. Aliushika mkono wangu wenye sindano akaushusha taratibu. "Dada yangu," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, "huyu alikata roho asubuhi. Wewe ndiye uliyemfunika."

Shuka lilikuwa sakafuni. Nililifunua mimi mwenyewe ili nipate mkono.

Sikuogopa. Hilo ndilo lililokuwa la kuogopesha. Nilisema "Haya," nikahamia kitanda cha pili.

Baada ya hapo muuguzi akaanza kunifuatafuata. Siku moja akanikuta nimekaa kwenye ngazi ya darasa na bakuli la ugali mapajani, nimekwisha kumega tonge, liko karibu na mdomo. Alinipiga kofi mkononi, bakuli likaruka, ugali ukamwagika kwenye mchanga.

"Una wazimu?" nikamwuliza.

"Angalia mikono yako."

Nikaangalia. Nilikuwa nimetoka kumwaga ndoo za chini ya vitanda. Mimi, niliyekuwa nasimama kwenye mkutano wa kijiji nawatisha watu wazima juu ya kunawa mikono. Na bado, mama zangu, wazo lililonijia halikuwa shukrani. Niliwaza kwamba sasa itabidi nisonge ugali mwingine, na kwamba afadhali nisingeonekana.

Muelewe nilipokuwa nimefika. Sikutaka kufa. Sikuwa na nguvu ya kutaka chochote. Ila kifo kilikuwa hapo, umbali wa tonge moja, na mimi sikuona haja ya kuamka kukikwepa.

Nilikuwa na mwenzangu. Tulisoma darasa moja, wasichana wachache katikati ya wanaume wengi, tukalala chumba kimoja, tukacheka hadi tukaonywa. Alipangiwa upande wa Manyoni, kijiji kilicho chini ya mlima wa Kilimatinde, naye akawa na kambi yake kama mimi. Tulisalimiana kupitia kwa dereva wa lori. Mwanzoni alileta maneno ya utani: "Mwambie Kwa Nini kwamba huku hata nzi wamechoka." Baadaye dereva akawa ananiambia tu, "Mwenzio hakusema kitu safari hii. Alinitazama akaingia ndani."

Ningelielewa. Salamu zilikuwa zimekwisha kwake kama zilivyokwisha kwangu. Lakini aliye ndani ya moshi hauoni moshi wa mwenzake.

Asubuhi moja lori likafika. Dereva hakushuka mara moja, alikaa ameshika usukani. Kisha akaja na kofia mkononi.

"Daktari, pole."

"Ya nini?"

"Mwenzio wa kule. Amefariki. Wanasema alianza asubuhi akawaficha, akaendelea na kazi, mpaka alipoanguka mwenyewe katikati ya vitanda."

Nikamwuliza, "Dripu umeleta ngapi?"

Dereva alirudi nyuma hatua moja. Nilimwona akinitazama jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyekaa kitako kwenye maiti. Mpaka leo anakumbuka. Tukikutana barabarani ananiangalia kwanza usoni kabla ya kuzima injini.

Nilipokea dripu, nikazihesabu, nikaenda kazini. Nilinawa mikono siku ile? Sikumbuki. Siwezi kuwaahidi kwamba nilinawa.

Muuguzi wangu aliacha ndoo yake pale pale akaenda kwa balozi.

Sasa nawaelezeni sheria ya kijiji kile, maana bila kuijua hamtaelewa walichofanya. Kila mtu mzima alikuwa na zamu ya kazi ya kijiji, na watu wa aina tatu tu ndio walioruhusiwa kubaki nyumbani. Mgonjwa, mfiwa na mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua. Hakuna wa nne. Mimi nilihesabiwa kama wengine, kambi ndiyo iliyokuwa shamba langu.

Balozi akawakusanya wanawake nyuma ya nyumba yake kana kwamba wanapepeta uwele. Muuguzi ndiye aliyenisimulia. Balozi akasema, "Daktari wetu anakwenda njia ya yule wa Kilimatinde. Nani atamweka ndani?"

Mmoja akasema, "Aandikwe mgonjwa."

"Nani anaandika cheti cha mgonjwa?"

"Daktari."

"Nani daktari?"

Mwingine akasema, "Basi ni mfiwa. Amefiwa na mwenzake."

"Matanga yamekatazwa. Mgambo watamtoa."

Halafu mkunga mmoja mwenye kicheko kikubwa akasema, "Kuna aina moja imebaki."

Wakamwambia aache upuuzi, daktari hata mume hana. Balozi ndiye hakucheka. Aliuliza, "Na mzazi anathibitishwa na nani? Kamati? Katibu? Mwanamume gani amewahi kuingia chumba cha mzazi kuhakikisha?"

Na hapo, mama zangu, likapita azimio la kijiji ambalo halikusomwa kwenye mkutano wowote.

Mchana ule akaja mama mmoja kambini, amefunga kaniki vizuri kiunoni, uso mzito. "Daktari, kwa balozi kuna mzazi. Njoo upesi."

Nikachukua mkoba. Nilikwenda kwa miguu isiyokuwa yangu. Tembe ya balozi ilikuwa mwisho wa mstari, na mlangoni palikuwa na moto mdogo wa vigogo, ule unaowashwa nyumba inapokuwa na mzazi na kuachwa uwake mpaka atoke. Juu ya mlango wametundika kaniki. Nikaruka moto nikaingia. Ndani giza na harufu ya samli. Wanawake wamekaa ukutani. Kitanda kimetandikwa ngozi na shuka safi, na juu yake hapana mtu.

"Mzazi yuko wapi?" nikauliza.

Balozi akapita nyuma yangu akafunga mlango. "Ndiyo amefika."

Nawaambia kweli, nilipigana. Kwa maneno, maana mikono haikuwa na nguvu. Niliwauliza kwa haki gani. Niliwaambia kuna watu ishirini wanamwaga maisha yao kwenye ndoo na ninyi mnacheza mchezo wa kitoto. Niliwauliza kama wanajua atakayekufa jioni ile atakufa kwa sababu yao. Balozi alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Haya, maliza ukiwa umelala. Muuguzi yuko kambini na wanawake wanne wanaomsaidia. Watafanya watakachoweza. Wewe ukianguka kesho watakuwa na wagonjwa wale wale, na wewe juu yao, na wa kukuzika."

"Mimi sikuzaa," nikasema.

"Tunajua. Vua viatu."

Wakaninawisha mikono. Maji moto, sabuni, kila kidole, mpaka chini ya kucha. Yule mkunga mwenye kicheko ndiye aliyeninawisha, na mara ile hakucheka. Sijui ni kitu gani katika vidole vile. Nikaanza kulia. Nilimlilia mwenzangu, nikamlilia mama niliyemchomachoma mguu akiwa amekufa, na wale wote niliowasikia kama upepo kwenye mabati. Hawakuninyamazisha. Mmoja alisema tu, "Uchungu umeanza," na wengine wakasogea karibu.

Msidhani basi mambo yakawa mazuri. Kwenye nyumba ile nililala usingizi unaofanana na kuzama, na kila nilipoibuka nilisikia kitu kibaya. Nilisikia toroli la chokaa likipita, gurudumu lake linalia. Nikahesabu limepita mara ngapi, nikajua maana yake. Niliinuka, miguu ikakataa. Balozi akanipa uji wa uwele na samli, akasema, "Kunywa, halafu hesabu."

Kisha akaja bwana mmoja kutoka wilayani, kwa gari. Walitaka kufungua kambi nyingine kijiji cha mbele na walitaka daktari siku ile ile. Bwana yule hakuwa mtu mbaya, watu wake nao walikuwa wanakufa. Nilimsikia nje, injini haikuzimwa.

"Hodi wenye nyumba."

"Karibu hapo hapo ulipo," balozi akajibu kutoka mlangoni.

"Namtafuta daktari."

"Yumo ndani."

"Basi atoke, gari linasubiri."

"Hawezi kutoka. Humu mna mzazi."

Injini inanguruma. "Mzazi nani?"

"Ndugu, wewe ni mwanamume mzima. Unataka nikufunulie kaniki uchungulie?"

Nikasikia wanawake waliokaa nje wakiguna.

"Sina maana hiyo, mama. Nauliza kama daktari ndiye anayemhudumia."

"Kila aliyemo humu anahudumiwa."

"Amezaa nini?"

"Bado tunamwangalia."

Aliuona moto. Mtu wa wilayani, msomi, mwenye gari na kalamu mfukoni, na hakuuvuka. Alisimama kitambo, nikasikia kiatu kinachimbachimba mchanga. Ningeweza kuita. Neno moja tu, "Nipo," lingetosha, na ningekuwa kwenye gari lile mchana ule. Nililala nimeng'ata shuka. Akasema, "Atakapotoka, aambiwe." Mlango wa gari ukafungwa.

Nilibaki ndani mpaka balozi aliposema basi. Asubuhi niliyotoka nilikutana na mtoto lamboni. "Shikamoo daktari." Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Nilisikia sauti yangu. Balozi alikuwa nyuma yangu na ndoo. Alisonya tu kama mtu aliyepoteza ng'ombe akamwona anarudi mwenyewe.

Sasa mimi ni Kwa Nini, na lazima niulize mbele yenu ninachojiuliza peke yangu. Je, wapo waliokufa kambini nilipokuwa nakunywa uji wa samli? Wapo. Wangepona kama ningekuwepo? Sijui. Nilipokuwepo pia walikufa, na mmoja wao nilimtafutia mshipa baada ya kufa. Nimejaribu kuifanya hesabu ile, haikubali. Ninachojua ni kwamba baada ya kutoka niliishi kuwatibu wengine mpaka mgambo wakaondoa miti barabarani. Mwenzangu kule Manyoni alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Hakuwa na moto mlangoni.

Nataka niwachekeshe kidogo. Habari ilifika Iramba kwamba nimezaa. Karantini ilipofunguliwa baba yangu alipanda basi la kwanza kutoka Kiomboi mpaka Singida, na kutoka hapo akaja kwa miguu na kwa kuomba lifti. Akakaa kwenye kigoda, akaitikia shikamoo yangu, akatazama kila pembe ya nyumba.

"Mtoto yuko wapi?"

"Baba, sikuzaa."

"Basi kwa nini walikuweka ndani?"

"Nilichoka."

Akafikiri sana. "Afadhali ungezaa," akasema. "Kuzaa naelewa. Mwanamke kuchoka, hilo nimewahi kulisikia wapi?"

Mnacheka. Nami nilicheka. Lakini swali la baba lilikaa nami mpaka leo. Kwa nini ilibidi nizae ndipo nilale? Kwa nini katika orodha ile ya sababu, ya mgonjwa, mfiwa na mzazi, hapakuwa na nafasi ya mwanamke aliyefika mwisho? Nimeuliza swali hili wilayani. Nimejibiwa kwamba litaangaliwa, kama kisima.

Kwa hiyo kabla halijaangaliwa, nawashukuru walioniangalia mimi. Namshukuru muuguzi aliyenipiga kofi, na namwomba asisite kunipiga tena. Nawashukuru wanawake wanne waliobeba ndoo zangu wakijua ndani mna nini. Mkunga, kicheko chako nakitambua hata nikiwa na mgongo kwako. Namshukuru dereva aliyerudi nyuma hatua moja, maana uso wake ndio uliomtuma muuguzi kwa balozi. Na balozi. Yeye hakuweza kuja leo, miguu inamsumbua, lakini aliniambia nikiondoka, "Waambie wasingoje mtu aombe. Aliyefika huko haombi."

Hilo ndilo fundisho lote nililo nalo. Msingoje aombe. Mtu akiacha kulia, msimsifu kwamba ni jasiri. Akisema yuko sawa kwa haraka, msimwamini. Kambi ikifunguliwa mvua hizi, pangeni zamu ya chokaa, pangeni zamu ya maji, na pangeni zamu ya kulala, na anayelala apikiwe. Daktari mwanamke arudishiwe mama wa kumpikia. Nalisema hili kwa sauti ili wajumbe walio nje ya dirisha walisikie bila kuulizwa.

Dereva aliyenileta leo ni yule yule. Njiani ameniambia kwamba kule bondeni wamekwisha kuomba chokaa. Hakusema zaidi, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza. Mnasikia bati hilo linavyogonga? Upepo umegeuka tangu tulipoanza.

Nilisema nitarudi kwenye salamu. Nimefika asubuhi kabla ya wengi wenu, nikasimama mlangoni, nikamsalimu kila aliyeingia. Wote mliniitikia isipokuwa mmoja. Nilipoanza kusema nikasalimu tena mara mbili, nikasikiliza. Midomo yote ilifunguka isipokuwa ya mmoja, na macho yake hayakunikwepa, yalinipita tu.

Sisemi ni nani. Amevaa nguo safi, na asubuhi amejibu maswali yote ya mafunzo vizuri kuliko sisi. Mliokaa naye dawati moja mnamjua, na mlango wa nyumba yake mnaujua. Tukitoka hapa, kabla mvua haijafika, kusanyeni kuni.

Asanteni kwa kunisikiliza.